Miche ya avoka "ya kloni" niliyonunua hapa Lubumbashi: uzoefu wangu

"Mama, weye unakulaga mizizi ao unakulaga matunda?"

Hilo neno liko bado mu masikio yangu na ndiyo linanifanya niandike. Nilimwuliza muuzaji wa pepinieri (kitalu cha miche) swali moja tu, tena kwa adabu, nikamwita papa ingawa anaweza kuwa kijana wa nyuma ya mtoto wangu wa pili: hii avoka ya Hass imepigwa grefe (imeunganishwa) juu ya mti gani? Kulikuwa watu pale wanachagua miche ya maembe, wakacheka, na yeye akaendelea kuhesabu feza. Hakunijibu. Nikalipa na kuondoka na miche 14, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi, kwamba nilimpa dola zangu baada ya lile neno.

Bei na urefu wa miche siandiki, vyote viko kwenye bango lao, na jina la pepinieri sitalitaja pia. Ninataka kusema juu ya mizizi.

Kwa nini niliuliza? Kwa sababu lupangu yetu, kiwanja chetu cha upande wa njia ya Kipushi, ilishakula avoka zangu mbele ya hapo. Ni bulongo (udongo) nyekundu, nzito, mvula ikinyesha mwezi wa kwanza na wa pili unaweza kuchimba shimo asubuhi na mangaribi ukalikuta na maji. Mtoto wa yaya wangu, dada yangu mkubwa, anasoma agronomi mu chuo kikuu kule Kasapa, akaja kuangalia ile miti iliyokufa akaniambia mama mdogo, hii si ukosefu wa mbolea, hii ni kuoza kwa mizizi, kuna kijidudu kinaitwa Fitoftora, kinafanana na kuvu lakini mbegu zake zinaogelea mu maji ya bulongo mpaka zinakuta mzizi. Na mizizi ya avoka ni myembamba, haina vinywele kama ya mimea mingine, mingi inakaa juu juu, ndani ya sentimeta 20 za kwanza hivi, kwa hiyo maji yakisimama pale ndiyo sahani imewekwa mezani. Akanieleza kwamba hata mti mama wa Hass, ule ambao Rudolph Hass aliupanda kule California na akaupatia patenti 1935, ambao Hass zote za dunia zimetoka kwake, ulikufa 2002 kwa ugonjwa huu huu wa mizizi. Hiyo ilinishika sana. Tunda moja linajulikana dunia nzima na mizizi yake imeoza chini, hakuna mtu anauliza mizizi ilikuwa ya nani.

Dawa yake, akasema, si ya kunyunyiza tu, ni kuchagua mti wa chini. Watu wengi wanafikiri kupiga grefe inatosha. Haitoshi. Ukipanda mbegu ya avoka yoyote ya sokoni na ukaweka Hass juu, juu unajua ni Hass lakini chini hujui ni nani, kwa sababu kila mbegu ni mtoto wake tofauti, sawa vile watoto wa tumbo moja hawafanani. Mmoja atavumilia maji, mwenzake atakufa. Kloni ni kitu kingine: wanachukua mti wa chini wenye jina na ambao ulishajaribiwa, wanaupiga grefe kwanza juu ya mbegu ya kawaida, wanauacha ukue mu giza mpaka chipukizi linatoka jeupe na refu kama kijiti cha mshumaa, wanalijeruhi kidogo na kuliweka dawa ya mizizi, wanalifunika na bulongo, linatoa mizizi yake lenyewe. Ile mbegu ya kwanza ilikuwa ya kunyonyesha tu, kuna wanaoifungia pete ya chuma ili inyongwe polepole. Kisha ndiyo Hass inakuja juu. Grefe mbili, na muda wa zaidi ya mwaka. Ndiyo maana iko gali, na gali yake ninaikubali kabisa, mtu aliyefanya hiyo kazi alipwe.

Na ile miti ya chini iko na majina! Duke 7 ya California ndiyo ya zamani, Dusa na Bounty zimetoka Afrika Kusini, Velvick ya Australia. Mwenye kuuza kloni anajua hilo jina sawa vile mwenye kuuza kitenge anajua kama ni wax ao si wax. Kwa hiyo nilipouliza sikuwa nasumbua mtu. Nilikuwa nauliza kitu nilichokuwa nalipia, juu miche yao ya "kloni" ilikuwa mara tatu ya bei ya ile ingine, na feza ilikuwa ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, zamu yangu niliyongojea miezi.

Tulipanda mvula zilipoanza. Sita tulipanda kwenye mabega ya kichuguu, kile kikubwa kilicho nyuma ya lupangu, kilichobaki baada ya watu kuchimba matofali. Nane tulipanda chini kwenye tambarare maana kichuguu hakikutosha. Mwaka wa kwanza, ninasema kweli, nilikuwa nawasifu. Majani mapana, meusi kwa ubichi, kiangazi nikamwagilia kwa ndoo, hakuna hata mmoja uliokauka. Niliwaambia wamama wa likelemba waende wanunue pale pale, na wawili walienda. Lile neno la mizizi na matunda nikaanza hata kulisamehe, nikasema labda kijana alikuwa na njaa siku ile.

Mvula ya pili ndiyo ilileta mambo. Ilikuwa kama katikati, zile wiki jua halionekani. Asubuhi moja nikaona mti wa tatu majani yameinama kama ya mti wenye kiu, na chini bulongo imelowa mpaka viatu vinashika. Usimwagilie mti wa hivyo, tafazali, miye karibu nimwagilie. Haiwezi kunywa kwa sababu haina tena mdomo. Majani mapya yakatoka madogo, rangi ya njano iliyopauka, ncha za matawi zikaanza kukauka kutoka juu, kisha wa nne, wa tano, mpaka kati ya nane za tambarare saba zilikuwa mu hali hiyo. Mbili zikafa kabisa kabla Pasaka.

Nikachimba. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Ile mizizi myembamba ilikuwa myeusi, ukiishika inavunjika kama uzi ulioungua, na hakuna harufu ya mti, ni harufu ya matope tu. Lakini si hiyo iliyonitoa machozi. Katikati kulikuwa mzizi mmoja mnene, umeshuka wima na chini umejikunja mara mbili, umbo lile lile la mfuko wa plastiki wa pepinieri, na juu yake, pale shina linapoanza, kovu mbili za mbegu. Mzizi mkuu. Mti wa mbegu. Mtoto wa yaya akapiga piga udongo, akanyamaza, kisha akasema mama mdogo, huu haukuwa kloni hata siku moja. Mti wa kloni hauna mzizi wa hivyo, mizizi yake inatoka pembeni ya shina, kuzunguka kote.

Nikaufunga mu gunia la plastiki, nikausafisha kwanza juu sitaki kubeba kijidudu kwenda kwa watu (hata jembe na buti zioshwe, huo ugonjwa unasafiri na bulongo), nikapanda basi mpaka pepinieri. Yule kijana hakuwako. Boss mwenyewe alinipokea amekaa, hakuinuka, aliangalia mzizi kama mtu anaangalia takataka akasema: "Mama, mvula ni ya Mungu, haiko ya pepinieri." Nikamwonyesha etikete iliyoandikwa KLONI kwa kalamu ya feutre nyeusi. Akasema ile ni mwandiko wa wafanyakazi. Wafanyakazi wa nani, bwana? Nikamwuliza tena lile swali, mti wa chini unaitwa nani, na akaniambia, naandika ginsi alivyosema, "unaitwa avoka."

Basi nilirudi nimekata shauri kuandika kwamba kila kitu pale ni uongo, msiende. Na ningeandika hivyo, kama si ule mti wa nane.

Kwenye tambarare, katikati ya wenzake wanaokufa, kuna mmoja umesimama. Maji yale yale, bulongo ile ile, karibu hatua tatu kutoka kwa ule uliokufa wa kwanza. Majani yake makubwa, mabichi. Tukafukua pembeni kwa mikono, polepole, kama vile mtu anafungua kidonda. Hakuna mzizi mkuu. Mizizi mingi rangi ya maziwa imetoka pande zote za shina. Ule ni kloni. Kloni kabisa! Nilicheka peke yangu pale mu matope, kwa furaha, maana kitu nilichoambiwa kipo na kinafanya kazi mbele ya macho yangu.

Kisha hasira ikarudi mara mbili. Maana yake walikuwa nazo. Zile za kweli walikuwa nazo na walizichanganya na za mbegu, wakaandika KLONI kwa feutre ile ile juu ya zote, na wakaomba bei moja.

Sita za kichuguu ziko muzima, na tulipochungulia mbili, moja iko na mzizi mkuu. Kwa hiyo sisemi kila kifo ni cha pepinieri. Tambarare ile haikufaa bila kuinua matuta, na mtoto wa yaya anasema hata Dusa, ukiisimamisha mu maji wiki nyingi, itaanguka, kuvumilia si kutokufa. Hilo ninalikubali, upande wangu. Lakini ningejua kwamba zile ni za mbegu ningezipanda zote juu, ao ningebakiza feza yangu. Niliuliza ili nijue pa kupanda.

Nyota ngapi? Nilianza na sifuri. Kwa ule mti wa nane ningewapa hata nne, umeshaanza kutoa maua kiangazi hiki. Kwa kijana na boss wake, hapana, hata moja.

Na nitarudi kununua pale, juu sijaona mahali pengine mjini nilipokuta kloni ya kweli hata moja. Nitaenda na mtoto wa yaya na ndoo ya maji, na kabla ya kutoa dola nitachagua mimi mwenyewe mfuko, nitaomba waupasue na kuosha mizizi mbele yangu, ule mmoja ninaulipa hata ukifa. Nikikuta mzizi mmoja wima, ninaondoka. Wale wamama wawili wa likelemba niliowatuma nilishawapigia simu, mmoja amefukua wake jana, tano kwa tano mzizi mkuu, na kesho ninaenda kumsaidia kuihamisha juu ya matuta kabla mvula haijaanza.