Uzoefu wangu: Maonyesho ya jukwaani katika tuzo za Grammy za 2024

Sherehe ya 66 ya tuzo za Grammy ilifanyika Los Angeles usiku wa Februari 4, 2024, na kwa saa za Afrika Mashariki matangazo yalianza saa kumi alfajiri ya Jumatatu. Niliyatazama mubashara kwa zaidi ya saa tatu, nikiwa na spika za masikioni, na baadaye nikarudia maonyesho kadhaa ili nihakikishe kwamba nilichokisikia hakikuwa uchovu wa usingizi. Nilichokuwa nikikitafuta ni kimoja tu, nacho ni sauti ya mwimbaji: je, jukwaa linaipisha ifike kwa msikilizaji, au linaifunika?

Onyesho lililonigusa kuliko yote lilianza kwa vidole. Kamera ilikuwa karibu kabisa na nyuzi za gitaa, na kwa sekunde kadhaa hatukuoneshwa uso wa anayepiga, ila tulisikia ule mpigo wa mwanzo wa "Fast Car" ambao kila aliyewahi kuusikia anaukumbuka. Kamera ilipopanda, tukamwona Tracy Chapman akitabasamu huku ukumbi ukimpigia kelele za furaha, naye hakuharakisha chochote. Wimbo huo aliutoa mwaka 1988, na mwaka uliofuata akauimba katika jukwaa la Grammy. Mwaka 2023 Luke Combs, mwimbaji wa muziki wa country, aliurekodi upya bila kugeuza maneno hata pale msimulizi anapojitaja kuwa mwanamke, na Novemba mwaka huohuo ukampatia Chapman tuzo ya wimbo wa mwaka ya chama cha muziki wa country cha Marekani, akiwa mtunzi wa kwanza mweusi kuipata. Kwa hiyo wawili hao walipopeana beti, ilikuwa rahisi kuligeuza tukio hilo kuwa sherehe ya Combs, lakini yeye mwenyewe hakukubali. Mtazameni usoni wakati Chapman anaimba: midomo yake inayafuatisha maneno kimyakimya, kama shabiki aliyepewa bahati ya kusimama mbele kabisa. Mwishoni aliinama kumwelekea mwenye wimbo. Sauti ya Chapman imeongezeka uzito kidogo, haikuwa na mapambo, na kila neno lilisikika. Hapakuwa na wacheza dansi wala moto, wala hapakuwa na haja navyo.

Joni Mitchell naye alikuwa na umri wa miaka 80, na ajabu ni kwamba hajawahi kutumbuiza katika sherehe za Grammy kabla ya usiku huo. Mwaka 2015 mshipa wa damu ulipasuka ubongoni mwake, ikambidi ajifunze upya kuzungumza na kutembea. Aliketi kwenye kiti kikubwa, Brandi Carlile na wanamuziki wengine wakiwa wamemzunguka, akaimba "Both Sides Now", wimbo alioutunga akiwa kijana wa miaka ya ishirini. Zamani aliuimba kwa sauti nyembamba ya juu; safari hii ilikuwa sauti ya chini, yenye mikwaruzo, ikikaa nyuma kidogo ya mdundo. Wapo watakaosema kwamba sauti hiyo imechakaa. Mimi nasema kwamba maneno ya mtu aliyeyatazama maisha kutoka pande zote mbili yanamfaa zaidi bibi wa miaka 80 kuliko binti wa miaka 23, na waliomsindikiza walistahili sifa kwa kuvipiga vyombo vyao kwa upole kiasi kwamba hata pumzi yake ilisikika.

Miley Cyrus alinifurahisha kwa sababu nyingine. Alikuwa ametoka kupokea Grammy yake ya kwanza maishani, na furaha hiyo ilimwagika ndani ya wimbo hadi akaanza kuwachokoza waliokaa kwa kuwauliza kwa nini wanajifanya hawaujui. SZA, aliyeongoza kwa kuteuliwa mara tisa, alizungukwa na wacheza dansi wenye mapanga. Macho yangu yaliyafuata mapanga, na kwa kweli sikumbuki vizuri alivyoimba, jambo ambalo kwa mwimbaji wa kiwango chake ni hasara. Katika sehemu ya kuwakumbuka marehemu, Annie Lennox alimwimbia Sinéad O'Connor kwa utulivu uliobana koo, kisha Fantasia akauwasha ukumbi kwa ajili ya Tina Turner. Mpangilio huo, huzuni kwanza na shangwe baadaye, ulikuwa sahihi.

Nimemwacha Burna Boy mwisho kwa kuwa ndiye niliyeamka alfajiri kwa ajili yake. Alikuwa mwanamuziki wa kwanza wa Afrobeats kutumbuiza katika matangazo makuu ya Grammy, akasindikizwa na Brandy na 21 Savage. Brandy hakuwekwa pale kama pambo, kwa maana sauti yake ya mwaka 1998 ndiyo iliyojengewa mmoja wa nyimbo zilizoimbwa, na kumwona akiuimba mwenyewe kando ya Mnigeria huyo kulinipa raha ya pekee. Tatizo ni kwamba nyimbo tatu zilibanwa ndani ya dakika chache. Muziki wa aina hii hujengwa polepole, ngoma huizoea nafasi yake kwanza ndipo mwimbaji aingie, lakini hapa kila mdundo ulikatwa mara tu ulipoanza kukolea. Yeye alijitahidi, sauti ilikuwa safi na waliokuwa ukumbini walisimama, ila Chapman alipewa wimbo mmoja mzima na nafasi ya kuupumua. Natamani Burna Boy naye angepewa hivyo.

Uchungu huo uliongezeka kwa sababu ya kipengele kipya cha onyesho bora la muziki wa Afrika, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka huo. Tyla wa Afrika Kusini alikishinda kwa wimbo "Water", akiwa na miaka 22 tu, mbele ya Burna Boy mwenyewe, Davido na Musa Keys, Ayra Starr, na Asake na Olamide. Tuzo hiyo ilikabidhiwa mchana, katika hafla iliyotangulia matangazo ya runinga. Sisi tulioamka alfajiri kwa ajili ya muziki wetu tulimkuta Tyla ameshashinda, na hotuba yake niliitafuta baadaye kwenye simu, kulipokwisha kupambazuka.