Tafiti za Edward Miguel kuhusu ukabila, sera na UVIKO-19: tathmini ya msomaji

Kwa miezi mitatu, mimi na walimu wenzangu wa somo la uraia tumekuwa tukikutana kila Jumamosi kusoma makala za kitafiti za Edward Miguel, mchumi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Nyingi zinapatikana mtandaoni bila malipo, na takwimu za baadhi yake zimewekwa wazi ili anayetilia shaka hesabu azirudie mwenyewe. Nazitathmini kama ningetathmini kitabu cha kiada: zinamfaa nani, na zinapungukiwa na nini.

Iliyonigusa zaidi ni ya mwaka 2004, inayolinganisha wilaya ya Busia nchini Kenya na ile ya Meatu nchini Tanzania, ambayo wakati huo ilikuwa mkoani Shinyanga. Vipimo vyake ni vitu tunavyovijua sote: madawati, vyumba vya madarasa, visima, michango ya shule. Busia, palipokuwa na mchanganyiko mkubwa wa makabila, michango ilipungua. Meatu, mchanganyiko haukuleta upungufu huo. Miguel anaielezea tofauti hiyo kwa sera za Tanzania zilizofuata uhuru, yaani Kiswahili, mtaala wa shule na mageuzi ya serikali za mitaa. Hapo tuliweka karatasi chini tukazungumza saa nzima, kwani nimefundisha Azimio la Arusha miaka mingi bila kuona mtu akiupima umoja wetu kwa madawati. Hata hivyo naona wilaya mbili ni chache mno kubeba hitimisho zito namna hiyo.

Makala ya mwaka 2015, aliyoiandika na wenzake wanne, ina ushahidi imara zaidi. Inafuatilia ujenzi wa barabara nchini Kenya kuanzia 1963 hadi 2011, na kuonyesha kwamba wilaya zenye watu wa kabila la rais zilipata fedha za barabara mara mbili zaidi, na urefu wa lami iliyojengwa ukawa mara tano. Katika vipindi vya demokrasia upendeleo huo ulitoweka. Kwa mwalimu hili ni jambo kubwa, maana ubaguzi unaonekana kuwa zao la namna ya kutawala, na kwa hiyo unaweza kuondolewa.

Kuhusu janga la UVIKO-19, Miguel alishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambao uliwahoji kwa simu watu zaidi ya 30,000 katika nchi tisa, zikiwemo Kenya na Rwanda, na kukuta ajira na vipato vimeshuka kote. Kasi ya kazi hiyo inastahili sifa, ingawa kaya isiyo na simu haikuweza kusikika, na mara nyingi ndiyo iliyokuwa na njaa zaidi.

Upungufu unaoniuma ni lugha. Mzazi wa Meatu ambaye mchango wake wa shule umo ndani ya majedwali yale hawezi kuisoma makala yenyewe, kwa kuwa ni ya Kiingereza kizito chenye milinganyo. Sisi wenyewe ilitubidi tufasiri ubaoni aya kwa aya. Muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili ungetosha.

Kwa walimu, maofisa mipango na madiwani, nashauri muanze na ile ya barabara. Someni utangulizi na hitimisho kwanza, kisha rudini kwenye majedwali mkiwa na mtu anayejua takwimu.