Programu ya simu na darasa la brashi: nimejaribu vyote viwili

Nilijiandikisha darasa la uchoraji wa brashi hapa Hangzhou, China, nikiwa mwaka wa pili wa masomo. Vipindi 8 vya jioni, yuan 800, vifaa humo humo. Mtanzania mwenzangu wa bwenini akanicheka: "Kaka, hela yote hiyo ya nini? Simu yako si inachora?" Akaniwekea programu ya akili mnemba. Basi nikatumia vyote.

Kipindi cha kwanza hatukuchora chochote. Tulisaga wino. Kipande chake ni masizi ya msonobari yaliyogandishwa kwa gundi ya wanyama. Unakizungusha juu ya jiwe lenye maji kidogo mpaka mkono ufe ganzi. Wino wa chupa ulikuwepo kabatini, niliuona. Mpaka leo naona tulipotezewa jioni tuliyoilipia.

Karatasi ndiyo iliyonitia adabu. Ni xuan ya mkoa wa Anhui, ya magome ya mti na mabua ya mpunga, na ile isiyotiwa shabu, ile chumvi ya kuzuia wino usitambae, hunywa maji kama mchanga. Ukisita tu, doa limeshatambaa, na hakuna kufuta. Jani langu la kwanza la mwanzi lilitoka kama mguu wa bata.

Kilichoninasa ni kamba wa mchoraji wa Kichina Qi Baishi (1864–1957). Kamba wa kuliwa, si ya kufungia mbuzi. Unajaza wino mwepesi kwenye brashi ya manyoya ya mbuzi, unailaza, unabonyeza, unainua: hiyo ni pingili moja. Kichwani, kabla hapajakauka, unagusisha wino mzito. Unaenea wenyewe kidogo, na mara unaona kama gamba linapitisha mwanga. Maji hayachorwi kabisa. Weupe wa karatasi ndio maji.

Usiku huo nikaiagiza programu kamba wa namna ile. Sekunde chache, picha nne. Zilipendeza, sitasema uongo. Ningemtumia mama angesema mwanangu kafuzu. Ila kila pembe ilijazwa mawimbi na majani ya yungiyungi, utadhani nafasi tupu inatozwa faini. Pembeni kulikuwa na muhuri mwekundu ambao jirani yangu Mchina aliugeuza juu chini akashindwa kuusoma, maana hazikuwa herufi. Na miguu haikutimia.

Nikampelekea mwalimu, tunamwita laoshi, nikijua nimeikamata. Akaniambia Qi Baishi naye hakuchora miguu yote, tena kadiri alivyozeeka ndivyo alivyoipunguza. Lakini alifuga kamba kwenye bakuli mezani kwake akiwatazama, kwa hiyo alijua upi wa kuacha. Kisha akaweka kidole kwenye kioo cha simu: "Huu mguu umetokea wapi?" Nikasogeza picha. Ulikuwa umeota kwenye ndevu.

Programu sijaifuta. Naitumia kujaribu mpangilio, kamba watatu wakae juu au chini, kabla sijachafua karatasi ambayo si ya bei rahisi. Naipa nyota mbili na nusu. Darasa nne, moja nimeikata kwa sababu ya ule wino na viti vinavyovunja mgongo. Nimeshalipia awamu ya pili, ya ndege na maua.

Ukija kujiunga, usivae shati jeupe.