Raiza ya alumini ya inchi 25, na upinde wa mbao wanaoanza nao wengi

Mtu akitaka kununua upinde, swali la kwanza huwa ni ratili ngapi, yaani uzito wa kuuvuta. Swali hilo lingengoja. Mabawa, vile vipande viwili vinavyopinda juu na chini, hubadilishwa kadiri mvutaji anavyopata nguvu, lakini raiza, kile kipande kigumu cha kati kinachoshikwa mkononi, ndiyo inayobaki. Na umbo la raiza ndilo linaloamua upinde utakusamehe au utakuadhibu. Hapa tunapima aina mbili: upinde wa mbao wa kufunguliwa vipande wa inchi 62, wa namna ya Samick Sage, na raiza ya alumini ya inchi 25 yenye viungo vya ILF, mfumo wa kuunga mabawa unaotumiwa na watengenezaji wengi.

Kabla ya kulipa, chukua uzi uunyooshe kutoka pale linapokaa bawa la juu hadi linapokaa la chini, kisha tazama koo la mshiko, pale panapozama zaidi mkono, limeangukia wapi. Likiwa mbele ya uzi, upande wa shabaha, hiyo ni diflekisi. Likiwa nyuma, upande wa mlengaji, ni riflekisi. Mkokoteni wa Darajani ukivutwa hufuata. Ukisukumwa kwa nyuma hutaka kupinda kila unapopata kisingizio. Mkono kwenye diflekisi unavuta, kwenye riflekisi unasukuma. Ndiyo maana kiganja kikijipinda kidogo wakati wa kuachia, diflekisi hukipuuza zaidi.

Riflekisi nayo ina sifa yake, ambayo ni kasi. Mvutano, yaani umbali upote unaovutwa, wa inchi 28 kwa kipimo cha AMO, chama cha watengenezaji wa vifaa vya upinde, ni inchi 26¼ halisi kutoka kooni hadi kwenye noki, mkato wa nyuma ya mshale unaoshika upote, kwa kuwa kipimo hicho huongeza inchi 1¾. Upote ukikaa inchi 8½ kutoka kooni, mshale unasukumwa kwa inchi 17¾. Ukikaa inchi 7½, kama riflekisi inavyoruhusu, unasukumwa kwa inchi 18¾. Inchi hiyo moja huongeza kasi, na inchi hiyo hiyo huuweka mshale kwenye upote kwa muda zaidi, kosa la mkono likapata nafasi ya kuingia. Kwa mtu ambaye mkono wa upinde haujatulia, kasi hiyo ni hasara.

Upinde wa mbao ni mzuri kwa kazi yake. Ni mwepesi, unafungwa kwa skrubu mbili za mkono bila spana, na Sage huja na matundu ya shaba tayari kwa plaja (kitufe cha springi kinachouegemeza mshale), saiti ya kulengea na stabilaiza (fimbo ya kuutuliza upinde). Upote wake hukaa kati ya inchi 7½ na 8¼. Tatizo ni kwamba bawa likikaa upande, huna cha kurekebisha. Unaishi nalo au unarudisha. Tila, yaani tofauti ya umbali wa upote kutoka bawa la juu na kutoka la chini, pia haibadiliki. Na kwa urefu wa inchi 62, mwenye mvutano wa zaidi ya inchi 28 atabanwa vidole, kwa sababu upote unakunjika kwa pembe kali sana. Mabawa yake hayaingii kwenye raiza ya ILF, kwa hiyo kila pesa unayoongeza humo inabaki humo.

ILF ndiyo tunayoipendekeza kwa anayejua kuwa ataendelea. Raiza ya inchi 25 na mabawa mafupi inatoa upinde wa inchi 66, ya kati 68, marefu 70. Mwenye mvutano wa inchi 26 au pungufu atazame raiza ya inchi 23, lakini asome maandishi kwenye bawa: uzito wa bawa la kati kwa kawaida huandikwa kwa upinde wa inchi 68, na ukilitia kwenye raiza fupi ya 23 huongezeka ratili mbili hivi. Bawa la 36 linakuwa 38, na bega ndilo linalojua.

Bolti za mabawa hukupa kama asilimia 10 ya uzito kupanda au kushuka. Usizilegeze kupita alama ya mtengenezaji. Bolti iliyoshika nyuzi chache inaweza kung'oka na bawa lake. Tila pima kwa rula, kutoka pale bawa linapotokea kwenye raiza hadi kwenye upote, juu na chini. Anayeshika noki katikati ya vidole aanze na juu kuzidi chini kwa milimita 3 hadi 6. Anayeweka vidole vyote vitatu chini ya mshale aanze na sifuri.

Kisha unyoofu, na hapa usione haya mbele ya muuzaji. Laza upinde uliofungwa upote juu ya migongo ya viti viwili, simama nyuma, ufumbe jicho moja. Upote upite katikati ya bolti zote mbili na katikati ya stabilaiza ndefu. Ukipita katikati ya bolti lakini ukaikosa stabilaiza, kwanza hakikisha fimbo yenyewe haijapinda, kwa kuizungusha. Ikiwa ni nyoofu, basi raiza ndiyo iliyopinda, na hakuna fundi wa kuinyoosha. Raiza za kumimina ndizo za kutiliwa shaka zaidi. Za kufua au kuchonga kwa mashine zina bei yake, lakini zina sababu.

Kwa bidhaa ya mtumba, uliza kama ni ILF au ni Formula, mfumo wa kampuni ya Hoyt. Kwa picha ya simu zinafanana, lakini mabawa ya moja hayaingii kwenye nyingine. Anayetaka kulenga bila saiti kwa sheria za World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, apime pia kama upinde usiofungwa upote, pamoja na vizito vyake, unapita kwenye tundu la sentimita 12.2.

Hewa yetu ya chumvi haimwonei huruma mtu. Alumini yenyewe huvumilia, bolti za chuma hapana. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukirudi kutoka uwanjani, na tone la mafuta ya cherehani kwenye nyuzi zake kila baada ya wiki chache. Gundi ya mabawa nayo haipendi joto la gari lililofungwa vioo juani, kwa hiyo upinde usiachwe humo hata kwa muda wa kwenda kuswali.