Dunia Yangu Bora ya CAMFED, walimu wa shule za kata someni hapa

Jamani walimu wenzangu mkiletewa hii programu ya stadi za maisha ya CAMFED, lile shirika linalosaidia wasichana kusoma, msiikatae. Mimi nafundisha uraia na ndo mwalimu wa malezi hapa shuleni, semina za jinsia nimeshakaa nyingi sana, watu wanashuka na Land Cruiser wanagawa tisheti wanapiga picha wanaondoka, watoto wanabaki vilevile. Hii ni tofauti na sababu kubwa ni anayefundisha. Learner Guide, wanafunzi wanamwita dada tu, ni binti aliyemaliza fomu foo hukuhuku, kwao kunajulikana, anajitolea kila wiki na yeye anafaidika na mkopo usio na riba wa kuanzia biashara. Akisema msichana wa hapa anaweza kumaliza shule nani ambishie, si wanamwona?

Siku moja nilikaa nyuma fomu tuu. Akampa chaki msichana na mvulana, kila mmoja aandike kazi zake toka anaamka mpaka analala. Ya msichana ikashuka mpaka chini ya ubao, maji, kuni, vyombo, kumwogesha mdogo wake, homiweki saa nne usiku. Ya mvulana mistari michache na mmoja ni mpira. Dada hakuhutubia, akauliza tu huyu hesabu atasoma saa ngapi? Wavulana wakaanza kubishana wenyewe, mmoja akasema kwao vyombo anaosha yeye na hajafa. Ndo maana napenda wanakaa pamoja, ukiwafundisha wasichana peke yao anayemwachia kazi zote nyumbani hajasikia kitu.

Wakafika kwenye ndoa, kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mvulana afike 18 ila msichana hata 15 wazazi wakiridhia, na Mahakama ya Rufani 2019 ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, darasa zima kelele. Na kwamba toka Novemba 2021 serikali imeruhusu aliyejifungua kurudi shule, hili wazazi wengi hapa kijijini hawalijui kabisa!

Nawapa nyota 5. Tatizo liko kwetu shule, kipindi tumekiweka mwisho watoto wana njaa, na bado kuna walimu wanatuma wasichana wakawachotee maji nyumbani huku wavulana wamekaa chini ya mwembe, sasa dada anajenga sisi tunabomoa. Kama mnaitaka muulizeni afisa elimu sekondari kama wilaya yenu imo, na ikija mkae darasani msikilize, msiende kunywa chai.