Uzoefu wangu: fundi wa Iringa alivyonitambulishia risasi ya bunduki ya urithi

Bunduki niliyorithi kwa baba mkubwa, aliyekuwa mkulima Mufindi, ina bolti (kile chuma cha kusukuma kinachofunga nyuma ya mtutu) ya mtindo wa Mauser 98, bunduki ya Kijerumani, lakini juu ya mtutu wake hakuna alama ya aina ya risasi inayosomeka, kwa sababu mtu fulani aliwahi kuupiga msasa akafuta kila kitu isipokuwa namba ya bunduki. Kitabu cha leseni nacho kiliandikwa kwa mkono "9 mm", basi. Nilipokamilisha uhamisho wa umiliki sikuthubutu kununua hata risasi moja kwa kutegemea maandishi hayo, ndipo nikaipeleka, pamoja na karatasi zake zote, kwa fundi wa silaha mwenye kibali aliyeko Iringa mjini, anieleze inakula risasi gani.

Kabla yake nilikuwa nimepita kwa fundi mwingine, ambaye alimimina nta ya mshumaa ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, na kunipa vipimo papo hapo. Nta husinyaa ikipoa, na nambari alizonipa hazikulingana na risasi yoyote duniani. Sitasema zaidi juu ya huyo.

Fundi wa Iringa humimina ndani ya chemba Cerrosafe, aloi (mchanganyiko wa metali) inayoganda kwa umbo la chemba, iliyotengenezwa kwa bismuthi, bati, kadimi na risasi, maana yangu hapa ni ile madini yenyewe. Sifa yake kubwa ni kwamba huanza kulainika kwenye nyuzi 70 za Selsiasi na kuyeyuka kabisa kwenye nyuzi 88, kwa hiyo haihitaji tanuru; maji yanayochemka yanatosha, hata huku kwetu nyanda za juu ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Alitoa bolti, akahakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, akaisugua mpaka kitambaa kikatoka cheupe, kisha akaziba mtutu kwa kitambaa kilichokazwa mbele kidogo ya koo la chemba, ili umbo litakalotoka libebe pia mwanzo wa mifereji, ile michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu ambayo katikati yake hubaki matuta.

Umbo la kwanza liliharibika. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, chuma kimelala na baridi ya Iringa usiku kucha, na aloi ilipogusa mtutu iliganda kabla ya kujaa, ikatoka na makunyanzi kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. "Kijana wangu, kosa langu hilo, tuupashe moto kwanza," alisema, akaiyeyusha upya ile ile, kwa kuwa haipotei, na mara ya pili, baada ya kuupasha mtutu joto la kuvumilika mkononi, likatoka umbo laini linalong'aa, ambalo alilisukuma taratibu kwa kijiti cha mbao kutoka upande wa mdomo wa bunduki.

Hapo ndipo nilipomheshimu, kwa sababu hakupima. Aliandika saa kwenye boksi la karatasi akaenda kunywa chai. Cerrosafe husinyaa kwa nusu saa ya kwanza, halafu huanza kutanuka, na inapotimu saa moja tangu igande huwa imerudi kwenye ukubwa halisi wa chemba. Ukichelewa siku kadhaa utapima kitu kilichokua kuliko chemba yenyewe. Saa moja ilipotimia alichukua maikromita. Karibu na kitako umbo lilikuwa na milimita 12.13, shingoni 9.95, na urefu hadi mwisho wa shingo ulikuwa 59.4, akaongeza karibu milimita 3 za kitako cha ganda la risasi ambacho katika bolti ya aina hii hubaki nje ya mtutu. Kisha akapima ile sehemu ya mbele yenye alama za mtutu: kutoka tuta hadi tuta milimita 9.00, kutoka mfereji hadi mfereji 9.28. Chemba lazima iwe pana kidogo kuliko risasi, kwa hiyo alipolinganisha na michoro yake hakutafuta nambari zinazofanana kabisa bali zinazozidi kidogo, na jibu likawa 9.3x62 (unene wa risasi na urefu wa ganda lake kwa milimita), risasi iliyobuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya wawindaji na walowezi wa makoloni ya Wajerumani barani Afrika.

Basi ile "9 mm" ya leseni nikaielewa: aliyeiandika aliingiza kalipa kwenye mdomo wa mtutu, akapima matuta, akasahau mifereji. Lingekuwa kosa dogo tu kama kusingekuwapo risasi nyingine ya Mauser, 9x57, ambayo ni fupi na nyembamba zaidi kwenye bega, pale ganda linapopungua kuelekea shingoni. Ingeingia katika chemba hii bila kukwama, ikabaki inacheza, na ganda lake lingeweza kupasuka usoni pangu.

Malalamiko yangu ni mawili. Hakuniruhusu kuondoka na lile umbo, kwa madai kwamba aloi hiyo ni ghali na haipatikani hapa, jambo ninalolikubali, ila angenieleza mapema nilipige picha kando ya rula. Vilevile vipimo aliviandika nyuma ya risiti kwa inchi, nikalazimika kumwomba aandike upya kwa milimita na kugonga mhuri, kwani karatasi hiyo ndiyo nitakayoiambatanisha na maombi ya kusahihisha leseni. Sufuria aliyoyeyushia aliiweka kando na kuandika "SUMU" kwa rangi nyekundu, kwa sababu ya kadimi na risasi, na dirisha lilikuwa wazi muda wote, hilo nililipenda.

Nampa nyota nne. Aliniambia waziwazi kwamba umbo linaonyesha aina ya risasi tu, halisemi kama bolti inafunga kwa nafasi sahihi nyuma ya ganda, na kwa kuwa geji za kupimia nafasi hiyo kwa 9.3x62 hana, alikataa kuifyatulia majaribio. Ameziagiza, na mpaka zifike bunduki imefungwa kabatini.