Nimelipa deni la hospitali, ripoti inasema bado nadaiwa

Naandika nikiwa bado na hasira, maana nikitulia nitaanza kuwahurumia. Mwanangu alianguka na baiskeli hapa Columbus, Marekani, akashonwa nyuzi nne kidevuni. Bima ikaniachia dola 640. Nilichelewa, bili ikapelekwa kwa wakusanya madeni, nikawalipa zote, nikapewa risiti. Nikajua yameisha.

Mwaka jana mwishoni, au mwaka huu mwanzoni, naomba nyumba ya kupanga, naambiwa ripoti yangu ya mikopo, ile rekodi ya madeni yangu na ninavyoyalipa, ina doa. Kuifungua, nakuta 640 zilezile, ila jina la mdai ni jingine kabisa. Kumbe wale wa kwanza walishalihamisha deni. Nikapiga simu.

Kijana aliyepokea alikuwa anatafuna, nadhani karanga, maana nilisikia kila moja ikivunjika. Nikamwambia kwa upole kabisa kwamba risiti ninayo mkononi.

"Risiti ya nani?" Nikamtajia. "Hao si sisi." Kru. "Kwetu hujalipa." Kru.

Nikamweleza kwamba tangu Julai 2022 deni la matibabu likishalipwa halitakiwi kuonekana kwenye ripoti za Equifax, Experian wala TransUnion, kampuni tatu zinazotoa ripoti hizo, wenyewe walitangaza. Akanijibu, "Mama, ungekuwa unajua sheria usingekuwa na madeni." Akakata! Sijawahi kudharauliwa hivyo hata na konda wa daladala.

Nikalibishia deni mtandaoni kwa kampuni za ripoti. Wadai wakaulizwa, wakajibu ni halali. Aliyejibu nani? Bila shaka yule yule mla karanga.

Kilichonisaidia ni karatasi. Nikatoa nakala ya risiti (wino ulishaanza kufifia, ilibidi niimulike kwa simu), taarifa ya benki inayoonyesha hela ikitoka siku ileile, na karatasi ya bima yenye tarehe ya matibabu, ili waone deni ni lile lile moja limebadilishwa jina. Nikazituma kwa rejista, za kusainiwa na anayepokea: bahasha moja kwa wadai, moja kwa kila kampuni ya ripoti. Uchunguzi kwa kawaida hupewa siku 30. Hazikutimia, doa likafutika. Kwa hiyo barua ya posta naipa nyota tano, sina ubishi. Na yule kijana, haya, nyota moja, pengine zamu ilikuwa ndefu.

Hapana, nyota yake naichukua. Nyumba ilishapewa mtu mwingine, na hela niliyolipia maombi haikurudi. Halafu jana nimekuta kwenye sanduku la barua bahasha ya kampuni ya tatu, wala siijui, inataka zile zile 640, eti nikiwahi napunguziwa. Nimeitoa tena risiti. Imebaki nyeupe, inasomeka tarehe tu. Bahati nakala nilitoa nne zaidi.